Taa ya oili ikiwaka, dai geji kabla hujauza ng'ombe

Msimu wa mavuno ndio msimu wa pikapu kufa, maana ndipo zinapobebeshwa kupita uwezo wake na hakuna mwenye muda wa kufungua boneti. Mtaniuliza bwana shamba na injini wapi na wapi. Jibu ni kwamba nyanya zikiozea njiani, hasara ni ileile kama zimeliwa na wadudu shambani. Na katika mambo ya gari, hili la presha ya oili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu watu wanafungua injini nzima, au wanaiua kabisa, bila mtu yeyote kupima chochote.

Tuanze na ile taa nyekundu yenye picha ya birika linalodondosha tone. Wengi wanadhani inasema oili imepungua. Hapana, inasema presha imeshuka, na inachelewa sana kusema. Unajua upepo wa tairi: gari dogo hujazwa kama 30. Kwa kipimo hichohicho, taa ya oili kwenye magari mengi huwaka presha ikiwa imebaki 5 hadi 7 tu. Kranki inapozunguka haitakiwi kugusa beringi, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu. Taa ikiwaka ukiwa mwendoni, utando huo umebaki kidogo au haupo. Kwa hiyo egesha na uzime palepale. Habari ya "ngoja nifike kwanza Ilula" ndiyo inayonokisha injini. Kuvutwa na gari jingine ni gharama, lakini kranki ni gharama kubwa zaidi.

Ukishazima, subiri dakika chache mahali tambarare, vuta stiki. Kama oili iko chini, umepata pa kuanzia: ongeza, kisha tafuta inakoenda, inavuja au inaungua. Dalili moja ya upungufu wanaopandisha Kitonga na mzigo wanaifahamu: taa inamulika kwenye kona na mwinuko, ukifika tambarare inazima. Oili iliyobaki imekimbilia upande mmoja wa sampo na pampu inafyonza hewa. Usifurahi ikizima.

Nusa na stiki pia. Ikinuka dizeli au petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama bila wewe kuongeza, mafuta yanaingia kwenye oili na kuifanya nyepesi kama maji. Hapo tatizo linaweza kuwa nozeli inayovuja, na hata ubadilishe pampu ya oili mara tatu halitaondoka. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe tena.

Sasa ndipo tunapofika penye ugomvi wangu. Kiwango kiko sawa, taa bado inawaka, fundi anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa: "Mzee, injini imekwisha, hapa ni ovahoo." Huenda ni kweli. Lakini amejuaje? Swichi ya oili iliyoharibika huwasha taa ileile, na ni kifaa kidogo cha bei ndogo. Waya uliochubuka ukagusa bodi nao huwasha taa ileile. Huu wa waya unaweza kuupima mwenyewe: injini ikiwa imezimwa, washa swichi ya gari, chomoa waya kwenye swichi ya oili. Taa ikibaki inawaka, waya umegusa chuma mahali fulani. Ikizima, ama swichi ni mbovu ama presha kweli haipo, na hapo sikio la fundi haliwezi kutofautisha. Geji ndiyo inayoweza.

Geji ya presha ya oili hufungwa mahali swichi ilipotolewa. Injini lazima iwe imepata moto vizuri, maana oili ya baridi ni nzito na itakuonyesha presha nzuri ya uongo. Kanuni ya mafundi wengi ni presha 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, yaani kwenye 2,000 utegemee 20 au zaidi. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kama presha ni nzuri, badilisha swichi uende sokoni. Kama ni ndogo kweli, bado usikimbilie beringi. Filta ilibadilishwa lini? Sampo imebonyezwa na jiwe? Barabara zetu hizi zinabonyeza sampo mpaka inakaribia kuziba chujio la pampu. Chujio lenyewe huzibwa na tope la oili ya muda mrefu, au na vipande vya gundi ya silikoni ambayo fundi aliyepita alipaka kwa ukarimu mno. Valvu ya kupunguza presha nayo hukwama ikiwa wazi. Haya yote huangaliwa kabla ya kuishusha injini. Ila ukimwaga oili ukaona inametameta chembe za chuma, au injini inagonga, basi fundi wako alikuwa sahihi.

Kuhusu kumimina oili nzito ili taa izime, hiyo ni panadoli kwa mwenye malaria. Homa inashuka, mgonjwa anaendelea kuumwa. Anayeuza gari anaipenda sana dawa hiyo. Ndiyo maana ukienda kununua pikapu, washa swichi bila kuwasha injini na uangalie: taa ya birika lazima iwake. Isipowaka, huenda mtu ameichomoa. Wengine huiunganisha na taa ya chaji ili zizime pamoja, kwa hiyo bado pima kwa geji, injini ikiwa ya moto.

Siwalaumu mafundi peke yao. Wengi hawana geji, na mteja mwenyewe anawaharakisha kwa sababu mzigo unaoza. Lakini geji moja inatosha kijiji kizima. Kikundi cha wasafirishaji wanane, au hata VICOBA yenye wanachama wenye magari, wanaweza kuinunua pamoja na kumwachia katibu aitunze. Hakikisheni ina viunganishi vya nyuzi tofauti, la sivyo itaingia kwenye gari moja na kukataa jingine. Na kila mkipima, andikeni: tarehe, kilomita, presha kwenye sailensi na kwenye 2,000. Namba iliyokuwa 30 mwaka jana na leo ni 22 inakupa nafasi ya kujiandaa kabla ya mavuno, wakati nyanya bado ziko kwenye kitalu.