UTUNZAJI WA GARI: Ufa Katika Bomba la Moshi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari la zamani lenye turbo, ufa huo aghalabu hutokea mahali asipopaona, yaani katika mabomba ya moshi yaliyo chini ya injini. Huanza kwa sauti ndogo ya kugongagonga asubuhi, injini ikiwa baridi, kisha hufifia baada ya dakika chache. Mwenye gari hufurahi akidhani ugonjwa umepona wenyewe. Kumbe chuma kimepata moto, kimetanuka, na ufa umejibana kwa muda tu.

Mfano mwema ni Subaru Forester lenye turbo la mwishoni mwa miaka ya 1990. Injini yake ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Moshi wa pande zote mbili hukusanywa chini ya injini, kisha hupandishwa kwa bomba moja hadi kwenye turbo iliyo juu. Moshi huo ndio unaozungusha gurudumu la turbo, nalo gurudumu la pili katika mhimili uo huo husukuma hewa ndani ya injini. Gari likipanda mlima, joto la moshi huweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Kila safari chuma hutanuka, na kila kikipoa husinyaa. Baada ya miaka mingi huchoka na kupasuka, hasa kwenye maungio. Hupasuka upesi zaidi ikiwa vishikio vya bomba vimekatika au raba zinazoshikilia injini zimekufa.

Ufa ukiwa kabla ya turbo, moshi hupotea bila kufanya kazi. Gari hukosa nguvu mlimani na petroli huisha upesi. Hapo wengi hukimbilia kununua turbo mpya, na baada ya gharama kubwa gari hubaki vilevile. Kwa hiyo hapana budi bomba lichunguzwe kwanza.

Uchunguzi wenyewe si mgumu. Injini ikiwa imezimwa na kupoa kabisa, fundi hufungua mabati ya kuzuia joto yanayofunika mabomba, akatafuta alama nyeusi za masizi. Kisha huingiza hewa ya pampu, kwa nguvu ndogo, kupitia mdomo wa bomba ulio nyuma ya gari, akiuzungushia kitambaa ili hewa isirudi. Maji ya sabuni hupakwa kwenye maungio na mapindo yote. Panapotoa povu ndipo penye ufa, au penye gasketi iliyoungua.

Kuhusu matengenezo, dawa za kupaka na bati la kufunga kwa waya hazidumu kabla ya turbo, kwa sababu ya joto. Bomba lifunguliwe. Fundi hutoboa kitundu kidogo kwa keekee kila mwisho wa ufa ili usiendelee, husaga kingo zake, kisha huchomelea kwa vijiti vinavyolingana na aina ya chuma. Jambo lisilosahaulika ni kusafisha ndani ya bomba baada ya kuchomelea. Chembe moja ya chuma ikibaki humo, itapeperushwa na moshi hadi kwenye turbo na kuvunja mapanga yake. Gasketi ziwe mpya, nazo bolti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishanisha pande. Vishikio na raba zilizokufa zibadilishwe siku hiyohiyo, la sivyo bomba litapasuka tena. Kama chuma kimeliwa na kutu, bomba zima ndilo nafuu.

Lakini lililo kubwa kuliko fedha ni uhai. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ufa ulio chini ya injini huweza kuipeleka ndani ya gari. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma akiamka na maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kutapika, mama asidhani mara moja kuwa ni uchovu wa safari. Gari lisimamishwe, injini izimwe, watu wote washuke wapate hewa safi, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Wala mtu asilale ndani ya gari huku injini ikiunguruma, hata kama mvua inanyesha.

Basi sauti ya asubuhi isidharauliwe eti kwa kuwa mchana haisikiki. Baba anayekwenda zamu alfajiri, injini ikiwa baridi, ndiye wa kwanza kuisikia. Na familia yake ndiyo itakayopanda gari hilohilo.