Kupota si kupotoka

Juzi, kibandani Kaloleni, Nairobi, mzee mmoja aliwagombeza vijana kwamba wamekipotoa Kiswahili kwa Sheng yao, lugha ya mitaani. Nikatabasamu. Kupota ni kusokota, kama nyuzi zinavyopotwa zikawa kamba. Hapo ndipo tulipochota kupotoka, kisha upotovu. Waingereza nao walipita njia hiyo hiyo: neno lao wrong, walilolitwaa kwa Waskandinavia wa kale, lilitaja kitu kilichopinda, mti labda, kabla halijawa kosa. Sasa kijana wa mtaa wa Makongeni akiigeuza stori ikawa risto, ametenda dhambi gani? Amepota tu, na kamba inashika. Isitoshe, mzee wetu alipomaliza kukemea, aliwaomba vijana wale wale mbao ya chai, yaani shilingi ishirini, kwa Sheng ile ile.