Anga ya Ukambani Si ya Kutazama Tu

Wasee, leo sina vicheko. Nimechoka kuona vijana wa Kalamba wakiinua shingo kutazama ndege ndogo za Wilson zikipita kuelekea Chyulu na Tsavo, kisha wanarudi kwa simu zao kana kwamba hayo mambo ni ya watu wa sayari nyingine. Kurusha ndege kwa raha, si kwa kazi, ni mchezo kama michezo mingine. Una klabu, una msimu, una wazee wake na porojo zake. Na hapa Kenya una miaka karibu 100! Swali ni kwa nini sisi bado tuko chini tukihesabu.

Aero Club of East Africa ilianzishwa 1927 na walowezi. Hadi leo iko pale Wilson. Unajua mwenyewe enzi hizo Mkamba angeingia kwa mlango gani. Na usidhani hawa watu walikuwa wanaruka mbali na kwetu. Beryl Markham, yule aliyevuka Atlantiki peke yake 1936 akitokea Uingereza, kabla ya hapo alikuwa anapata riziki kwa kutafuta tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji, na nyika alizokuwa anazizunguka ni hizi zetu, pande za Makindu na Yatta. Rafiki yake Denys Finch Hatton alianguka na ndege yake Voi mwezi Mei 1931. Amejengewa mnara kwenye milima ya Ngong, watalii wanaenda kupiga picha. Ndani ya ndege ile alikuwemo pia mtumishi wake. Aliitwa Kamau. Kamau gani, mwana wa nani? Tumebaki na jina moja tu.

Hiyo ndiyo historia yetu angani: tulikuwemo, lakini kama mzigo.

Sasa utaniambia mambo yamebadilika, tuna Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Kweli, na mimi nampigia saluti kila siku. Lakini baba yake pia alikuwa rubani. Simwondolei sifa hata kidogo, ninachosema ni kwamba ukizaliwa Kalamba na babako anauza embe, nani atakuonyesha mlango uko wapi? Leseni ya rubani wa kibinafsi inataka uwe na miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka. Miaka 17 tunayo, tunayo mingi sana. Ni hizo saa 40 ndizo zinaua. Saa moja ya Cessna inakula kodi ya bedsitter ya Wote miezi kadhaa. Zidisha mara 40 kisha uniambie mchezo huu ni wa nani.

Na hapo ndipo wanapotudanganya, kwa sababu Cessna si njia ya pekee. Kuna glaida, ndege isiyo na injini kabisa. Kuna paraglaida, lile bawa la kitambaa linaloingia kwenye begi la mgongoni. Nenda Iten msimu wa Januari na Februari uone wageni kutoka Ulaya, wamekimbia baridi yao, wanaruka kutoka ukingo wa Elgeyo na kuelea juu ya Bonde la Kerio masaa na masaa. Petroli wanayotumia ni sifuri. Wanabebwa na hewa moto inayopanda kutoka bondeni.

Kwani sisi hatuna hewa moto? Buda, Ukambani tunalalamika joto tangu tuzaliwe! Mvua ya vuli ikiisha, jua la Januari likianza kuchoma, tazama mwewe juu ya kilima cha Nzaui saa tano asubuhi. Hapigi bawa. Anazunguka tu na anapanda. Yule ndege ashakuonyesha msimu unaanza lini. Mwezi wa saba, baridi na mawingu ya chini vikifunika kilima, yeye mwenyewe anatulia. Rubani wa paraglaida anasoma vitu hivyo hivyo: jua, upepo, wingu. Mchungaji mbuzi wa Nzaui anavijua kuliko mtu yeyote aliyelipa tiketi kutoka Munich.

Badala yake tunafanya nini? Kila baada ya muda TV inatuletea kijana wa kijijini aliyeunda ndege kwa vyuma chakavu na injini ya kuokoteza. Haipai. Nchi nzima inacheka, anakuwa meme wiki moja, basi. Mimi sicheki. Huyo kijana alikosa mtu wa kumwambia bawa linabebaje uzito, na siku ndege yake ikipaa bila mwalimu atakufa. Hapo hatutacheka, tutachanga pesa za mazishi.

Najua comment inakuja: "Watu hawana maji wewe unaleta mambo ya ndege." Sawa. Lakini kiwanda cha matunda cha kaunti kimejengwa hapa hapa Kalamba, kinasaga embe zetu, na bado watu walikuwa hawana maji. Hakuna aliyesema tungoje mito ijae kwanza. Na kama hofu yako ni hatari, niambie umepanda boda ngapi wiki hii bila helmeti.

Sidai kila shule inunuliwe ndege. Nadai vitu vidogo. Wenye klabu za Nairobi walete glaida moja au mwalimu mmoja Makueni likizo ya Agosti, waone watoto wangapi watajitokeza. Kaunti iwaite wataalamu waukague Nzaui pamoja na KCAA, waseme wazi kama pale panafaa kuruka au hapafai. Shule zianze na ndege za karatasi na mbao nyepesi, ndiyo, hizo hizo mnazonyang'anya wanafunzi darasani. Na wewe mwakilishi wetu wa wodi ya Nzaui/Kilili/Kalamba, bajeti ya michezo mwaka huu, ukitoa jezi na mipira, imebaki na nini?