Baba ametibiwa saratani ya ini kwa mionzi. Je, abebe mtoto?

Juzi nikiwa Nkende, Tarime, mama mmoja alinisimamisha nje ya duka la dawa.

"Mwanangu, wewe si unaandika mambo ya afya? Mume wangu ametibiwa saratani ya ini India. Wiki ya tatu sasa hataki kumpakata mtoto. Anasema ana mionzi mwilini."

Nikamuomba karatasi za hospitali. Alikuwa nazo kwenye mkoba, pamoja na CD ya picha. "Hizi walimpiga kesho yake baada ya tiba," akasema. "Tukajua wanatuongezea bili tu."

Hapana, mama. Picha hizo ndizo zinazoonyesha dawa ilikwenda wapi.

Barua ilisema alitibiwa kwa itriamu-90. Katika tiba hii, daktari hupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa wa damu hadi kwenye ini, kisha humwaga chembechembe zenye mionzi, ndogo kuliko upana wa unywele. Uvimbe wa saratani ya ini hupata damu yake nyingi kupitia mshipa wa ateri, wakati ini zima hutegemea zaidi damu inayotoka kwenye utumbo. Kwa hiyo chembechembe nyingi hukwama kwenye uvimbe.

Lakini kukusudia si kufika. Zinaweza kupotea njia zikaingia kwenye mapafu au tumbo, au sehemu ya uvimbe ikakosa dozi. Ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha kabla ya tiba, kwa dawa ya majaribio, na tena baada ya tiba. Kipimo cha PET kinaweza kuiona itriamu-90 yenyewe, japo alama inayoitafuta hutokea takriban mara 32 tu katika kila milioni. Kwa picha hiyo wataalamu hukokotoa dozi iliyoupata uvimbe na iliyolipata ini zima.

Kwa hiyo mgonjwa wako akipewa picha, muulize daktari maswali matatu: Uvimbe wote umepata dozi ya kutosha? Ini zima limepata kiasi gani? Kuna iliyokwenda mapafuni au tumboni? Kisha zitunze picha hizo na uende nazo kliniki kila mara. Ila hazisemi kama uvimbe unapungua. Hilo huonekana kwenye vipimo vya miezi inayofuata.

Na mtoto? Nguvu ya itriamu-90 hupungua kwa nusu kila baada ya saa 64, na miale yake haivuki zaidi ya milimita 11 hivi ndani ya mwili. Siku chache za mwanzo mgonjwa huelekezwa asikae karibu kwa muda mrefu na watoto wadogo au mjamzito. Baada ya wiki tatu mionzi iliyobaki ni chini ya asilimia 1. Kama barua ya ruhusa haina katazo jingine, baba ampakate mwanawe.

Aliyetibiwa kwa mashine ya mionzi ya nje, kama zile za Ocean Road au Bugando, habaki na mionzi mwilini hata siku ya kwanza.

Kabla hatujaagana nilimuuliza mama swali langu: "Na nyinyi nyumbani mmepima homa ya ini B?" Akanyamaza.

Virusi hivyo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani ya ini, na hivyo ndivyo vinavyoweza kuhama ndani ya nyumba: kwa damu, kwa kujamiiana, kwa kuchangia wembe, au kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kukumbatiana na kula sahani moja haviambukizi. Mke apime, watoto wapime, asiyeambukizwa achanjwe. Kwa mtoto mchanga, angalia kadi ya kliniki kama amepata chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, maana kinga ya homa ya ini B imo humo.

Tulikuwa tunaogopa mionzi, kumbe cha kupima kilikuwa kingine.