Mtoto Akiuliza Kuhusu Mapenzi ya Mungu



Vijana wetu wanauliza: “Kama Mungu ameshapanga yote, dawa ni za nini? Na kwa nini kitoto cha jirani kilikufa?” Tusiwanyamazishe kwa kusema tu, “Ni mapenzi ya Mungu.”

John Calvin, aliyefundisha kwamba Mungu hutawala mambo yote, alifiwa na mwanawe mchanga mwaka 1542, kisha mkewe Idelette mwaka 1549. Barua zake zaonyesha uchungu wake. Imani haikumkataza kulia. Ilimwonyesha wa kumlilia.

Alifundisha pia kwamba Mungu hutumia njia, na dawa ni mojawapo. Mimi muuguzi huchanja watoto huku nikiomba, wala sioni ugomvi kati ya hayo mawili. Mwanao akiugua, mwahishe kliniki, mkiomba njiani. Hapo atajifunza kuliko kwa maneno mengi.

Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563 ina maswali 129 yaliyogawanywa kwa Jumapili 52, na swali la kwanza linahusu faraja. Basi, mama, kila Jumapili baada ya chakula soma sehemu moja na watoto. Waache waulize. Usilolijua, sema hulijui, kisha ombeni pamoja.

Mungu azibariki nyumba zenu.