Marehemu hampi dereva ruhusa: Kitendawili cha bima ya gari baada ya msiba

MSAFARA wa mazishi unapoondoka Nairobi alfajiri kuelekea Busia, Kisii au Kitui, gari la marehemu mwenyewe aghalabu huwa miongoni mwa yale yanayolifuata jeneza. Mpwa ndiye ashikaye usukani. Nyuma wamebanana mashangazi, sufuria na mashada ya maua. Hakuna aulizaye iwapo gari hilo lina bima, na ni nani mwenye moyo wa kuuliza siku kama hiyo?

Cheti kipo, na tarehe yake haijapita. Askari kizuizini akikitazama ataridhika. Lakini cheti ni ushahidi tu wa mkataba, na mkataba wenyewe ulifungwa baina ya kampuni na mtu ambaye sasa hayupo.

Msomaji achukue hati yake ya bima asome kifungu cha madereva. Kwa kawaida humtaja mwenye bima, kisha mtu yeyote aendeshaye kwa amri au idhini yake. Marehemu hampi mtu idhini. Hapo ndipo kampuni, ajali ikitokea, huweza kudai kwamba mpwa hakuwa dereva aliyeruhusiwa. Hati nyingi huwakinga wasimamizi wa mirathi, lakini kwa madeni ya ajali aliyosababisha marehemu angali hai, si kwa safari ya kumzika.

Sheria ya bima ya lazima ya magari, Sura ya 405, ilikusudiwa kumlinda anayegongwa. Huilazimisha kampuni kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mtu aliyekingwa na bima, hadi Sh3 milioni kwa dai, hata kama ilikuwa na haki ya kuuvunja mkataba. Ila neno zito hapo ni "aliyekingwa". Ikithibitika kwamba dereva hakuwa miongoni mwao, mzigo humwangukia yeye na huenda pia aliyemkabidhi ufunguo, ambaye mara nyingi ni mjane. Naye mama mboga aliyevunjwa mguu kando ya barabara hubaki na hukumu mkononi, asijue atalipwa na nani.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haina huruma zaidi. Kifungu cha 45 humkataza yeyote asiye na idhini ya kisheria kuitumia au kuiuza mali ya marehemu. Adhabu ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Idhini hiyo nayo haiji upesi. Ombi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali na pingamizi hungojewa kwa siku zisizopungua 30. Hati ya usimamizi ikishatolewa, kwa kawaida miezi sita hupita kabla haijathibitishwa na mali kugawanywa. Ndipo NTSA huweza kubadilisha jina la mwenye gari.

Katika kipindi hicho chote watoto wanapelekwa shule na gari linatumika. Bima ikiisha, wakala huikata upya kwa jina lile lile la marehemu, naye mjane hulipa akidhani amefanya wajibu wake. Ilhali bima ni mkataba wa uaminifu kamili, na kulificha jambo kubwa kama kifo cha mwenye bima ni kuipa kampuni sababu ya kukataa dai. Binafsi namlaumu wakala zaidi kuliko mjane.

Njia ipo, japo ina usumbufu. Kampuni iarifiwe kwa maandishi mapema, ikiambatishiwa nakala ya cheti cha kifo, iombwe kueleza kwa maandishi vilevile nani amekingwa na kwa muda gani. Palipo na haraka, mahakama huweza kutoa hati ya muda ya kuhifadhi mali kabla ya ile kamili. Gari lililonunuliwa kwa mkopo huwa limesajiliwa pia kwa jina la benki, hivyo benki nayo haina budi kuhusishwa.

Kwa safari ya mazishi yenyewe, jamaa wakodi matatu, na gari la marehemu libaki limefungwa uani.