Bastola isiyokwama haijui nani yuko mlangoni



Wiki nzima grupu letu la WhatsApp halikulala. Mwenzetu aliyehamishiwa Marekani alituma ujumbe wa sauti: anataka bastola ya kulinda nyumba, achukue Glock ama rivolva? Basi, kila mtu akawa fundi. Video zikamiminika. Hata sisi tunaoandika hapa tulichangia, kwa hiyo hatumsengenyi mtu.

Na hoja zenyewe hazikuwa za uongo. Rivolva ni rahisi: risasi ikigoma, unavuta triga tena, inazunguka, inakuja nyingine. Ila nyingi zinabeba tano au sita tu, na triga yake ni nzito. Glock, ambayo jeshi la Austria liliichagua mwanzoni mwa miaka ya 1980, inabeba nyingi na haikwami ovyo. Ila ukiishika kwa mkono legevu inaweza kukwama, na kwa kawaida haina kile kitufe cha pembeni cha kuifunga. Risasi ikiwa tayari ndani, ukivuta triga, imetoka.

Sasa tuulize: risasi ya yoyote kati ya hizo ikikosa mwizi inakwenda wapi? Nyumba nyingi za kule, kuta za ndani ni bodi za jasi. Inapita. Na upande wa pili wamelala watoto.

Hapo ndipo tunapogomba. Tulipima chuma siku saba, nyumba hatukuipima hata dakika moja.

Nyumba ya mkimbizi tunaijua. Baba anaota vita, anaamka anapiga kelele. Kaka anarudi saa tisa usiku kutoka zamu ya kiwanda cha nyama, anapapasa funguo gizani. Mama akisikia kitasa, roho inarudi Kivu. Weka hapo bastola isiyokwama. Haitakwama hata kwa kaka. Haitakwama hata siku baba amechoka kuishi.

Hatutishii watu bure. Mwaka 2020 watafiti walichapisha katika New England Journal of Medicine habari za watu wa California: wanaume wenye bastola walikuwa karibu mara 8 zaidi kufa kwa kujipiga risasi kuliko wanaume wasio nayo, na wanawake karibu mara 35. Mwizi hayumo katika hesabu hiyo. Ni mwenye nyumba mwenyewe.

Kuna watakaosema, eti nyie hamjui hofu. Sisi? Sisi tuliovunjiwa milango? Tunaijua sana, na hatumcheki anayeogopa. Lakini kumbukeni Bukavu na Goma: wezi wakiingia mtaani, watu walipiga masufuria na filimbi mpaka mtaa wote ukaamka. Jirani ndiye alikuwa ulinzi. Kule ugenini jirani humjui jina, ndiyo maana bastola inaonekana kama ndugu.

Na nyie wa mashirika, tusikilizeni. Kabla ya safari mnatufundisha ndege, benki na kupiga 911. Vizuri. Lakini katika masomo tuliyokaa sisi, hakuna aliyetuambia kwamba siku moja utasimama dukani mbele ya bastola, ukiwa na ndoto mbaya za miaka kumi kichwani. Liongezeni somo hilo. Na ongezeni mtu wa kuzungumza naye kuhusu hizo ndoto, kwa lugha yetu.

Ndugu yetu uliyeuliza, tulikujibu vibaya. Jibu letu ni hili: anza na komeo imara, taa ya nje, na namba ya jirani. Kama bado utanunua, ifungie kwenye kasha la chuma bila risasi, risasi zikae kwingine. Na zikija siku za giza, funguo za kasha mpe mtu mwingine, kisha utupigie. Hata saa tisa usiku, sisi tutaamka.